Panchang kwa Saa za Singida: Namna ya Kupata Nyakati za Siku Mahali Ulipo

Kalenda ya ukutani yenye picha ya Lakshmi, iliyoletwa na ndugu kutoka Ahmedabad, ina namba kubwa ya tarehe na pembeni yake maandishi madogo ya Kigujarati: jina la tithi, saa inayoisha, saa ya jua kuchomoza, saa za kuepuka. Mhesabu aliyeiandaa alifanya kazi yake vizuri. Lakini alihesabu jua la Ahmedabad, nawe unaishi Singida Mjini, zaidi ya nyuzi 37 magharibi mwake na upande wa pili wa ikweta. Ukifungua duka jipya, ukifunga saumu ya Ekadashi au ukipanga saa ya arusi kwa kusoma kalenda hiyo kama ilivyo, utakuwa unafuata siku ya mji mwingine.

Mwongozo huu ni kwa familia ya Kihindu ya Singida inayotaka kujihesabia nyakati zake, hasa kwa kuwa katika mji ambako familia hizo ni chache, maharaji, yaani kuhani, hayuko mlango wa pili kila unapomhitaji. Ni pia kwa jirani, mshirika wa biashara au mpishi anayeambiwa "tuanze saa 5:13 kamili" akabaki akijiuliza saa hiyo imetoka wapi. Unahitaji karatasi, kalamu, saa inayokwenda sawasawa na hesabu ya kujumlisha na kugawa.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Saa 12:46 asubuhi ndiyo inayoandikwa 06:46 kwenye simu.

KWANZA UJUE KWA NINI

Panchang ni neno la Kisanskriti: *pancha* ni tano, na *anga*, tofauti na anga yetu ya mawingu, ni kiungo. Kalenda hii ina viungo vitano: *tithi* (siku ya mwezi), *vara* (siku ya juma), *nakshatra* (kituo cha mwezi kati ya vituo 27 vya nyota), *yoga* (jumla ya nyuzi za jua na za mwezi) na *karana* (nusu ya tithi). Mambo matatu yanafanya viungo hivi vitegemee mahali ulipo.

Siku huanza jua linapochomoza. Kwa Mwislamu siku mpya huingia magharibi. Kwa saa ya serikali huingia saa 6 usiku. Kwa panchang, siku huanza macheo na kuisha macheo yanayofuata. Mtoto aliyezaliwa Jumanne saa 11 alfajiri ni mtoto wa Jumatatu, kwa sababu jua la Jumanne halijachomoza. Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa: sisi pia tunaanza kuhesabu saa za mchana tangu asubuhi, hivyo wazo lenyewe si geni.

Saa ya ukutani na jua la Singida havilingani. Saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita mbali na mipaka yetu, huko Somalia. Singida Mjini ipo karibu nyuzi 34.75. Dunia hujizungusha uzi mmoja kwa dakika 4, kwa hiyo jua la Singida liko nyuma ya saa rasmi kwa wastani wa dakika 41. Saa inaposema saa 6 kamili mchana, jua letu bado halijafika kati.

Nyakati za panchang ni za mafungu mawili. Hapa ndipo penye kiini cha mwongozo wote, na makosa mengi hutokana na kuyachanganya mafungu haya.

> KISANDUKU CHA 1: MAFUNGU MAWILI
>
> Fungu la dunia nzima. Tithi, nakshatra, yoga na karana huisha kwa sababu ya mahali mwezi na jua vilipo kwenye mzunguko wao. Tithi moja ni mwezi kulitangulia jua kwa nyuzi 12. Tukio hilo hutokea mara moja kwa wote, Ahmedabad na Singida kwa pamoja. Kinachotofautiana ni saa ya ukutani tu.
>
> Fungu la mahali. Macheo, machweo, mwezi kuchomoza, Rahu Kaal, choghadiya, abhijit, brahma muhurta na lagna (alama ya nyota inayochomoza) hutegemea upeo wa macho wa pale uliposimama. Hizi huwezi kuzibadilisha kwa kutoa saa kadhaa. Ni lazima zihesabiwe upya.

HATUA YA 1: THIBITISHA MAHALI

1. Andika: Singida Mjini, latitudo nyuzi 4.82 kusini, longitudo nyuzi 34.75 mashariki, saa tatu mbele ya saa ya dunia (UTC+3).
2. Ukitumia programu ya simu, fungua mipangilio usome mji uliowekwa. Programu ya panchang inaweza kuanza na mji wa India mpaka uubadilishe.
3. Singida isipokuwemo, weka namba hizo mwenyewe. Programu ikikataa namba, chagua Dodoma: jua la Dodoma hutangulia la Singida kwa dakika chache tu, kama 4 kwa wastani.
4. Usichague Dar es Salaam kwa kuwa ni Tanzania. Jua la Dar huchomoza kabla ya letu kwa kama dakika 15 mwezi Juni na kama dakika 21 mwezi Desemba. Mwislamu wa Singida hafuturu kwa adhana ya Dar, na sababu ni hiyo hiyo.

HATUA YA 2: PATA MACHEO NA MACHWEO

Jedwali hili nimelihesabu kwa Singida Mjini, kwa tarehe 15 ya kila mwezi. Linaweza kupishana na programu yako kwa dakika moja au mbili, na hubadilika kidogo sana mwaka hadi mwaka.

| Tarehe | Macheo (asubuhi) | Machweo (jioni) |
|---|---|---|
| 15 Januari | 12:39 | 1:01 |
| 15 Februari | 12:47 | 1:03 |
| 15 Machi | 12:46 | 12:54 |
| 15 Aprili | 12:41 | 12:41 |
| 15 Mei | 12:40 | 12:34 |
| 15 Juni | 12:46 | 12:37 |
| 15 Julai | 12:51 | 12:43 |
| 15 Agosti | 12:47 | 12:44 |
| 15 Septemba | 12:34 | 12:38 |
| 15 Oktoba | 12:20 | 12:33 |
| 15 Novemba | 12:16 | 12:36 |
| 15 Desemba | 12:24 | 12:48 |

Kwa tarehe za katikati, kadiria. Tarehe 30 Septemba iko katikati ya 12:34 na 12:20, basi chukua 12:27.

Huenda ukashangaa: tuko karibu na ikweta, mbona macheo yanahama zaidi ya nusu saa? Urefu wa mchana wa Singida hubadilika kidogo, kutoka kama saa 11 na dakika 51 mwezi Juni hadi saa 12 na dakika 24 mwezi Desemba. Kinachohama zaidi ni jua zima. Dunia imeinama, na mwendo wake kulizunguka jua si sawa mwaka mzima, hivyo jua hutangulia wastani wake mwezi Novemba na kuchelewa mwezi Februari.

> ONYO: AHMEDABAD HUKUPUMBAZA MWEZI MACHI
>
> Kwa bahati tu, Ahmedabad nayo iko nyuma ya saa rasmi ya India kwa kama dakika 40, karibu sawa na sisi tulivyo nyuma ya saa yetu. Mwezi Machi na Septemba, usiku na mchana vinapokaribia kulingana kila mahali, macheo yaliyochapwa Ahmedabad yanafanana na ya Singida kwa tofauti ya dakika chache. Mtu huona yanalingana, akaiamini kalenda mwaka mzima. Ikifika Juni, Ahmedabad inaandika kama saa 11:54 ilhali jua la Singida linachomoza saa 12:46. Desemba mambo hugeuka, na sisi ndio tunaotangulia. Usipime kalenda kwa mwezi mmoja.

Usisubiri kuliona jua kwa macho ndipo uanze kuhesabu. Mji wetu umezungukwa na mawe makubwa na vilima. Ukiwa nyuma ya jabali, jua litakuchelewea. Panchang huhesabu upeo tambarare. Pia baadhi ya wahesabu huanzia ukingo wa juu wa jua, wengine kitovu chake, na tofauti yake hapa kwetu ni dakika chache. Jedwali hili linatumia ukingo wa juu. Chagua njia moja, ile ya familia yako, uishike.

HATUA YA 3: BADILISHA TITHI NA NAKSHATRA

Saa ya India iko mbele ya yetu kwa saa 2 na dakika 30. Kwa fungu la dunia nzima pekee, fanya hivi:

1. Soma saa ya mwisho wa tithi kwenye panchang ya India.
2. Toa saa 2 na dakika 30.
3. Linganisha na macheo ya Singida ya siku hiyo. Tithi iliyopo jua linapochomoza ndiyo inayoipa siku jina.

Tuchukue siku moja ya kweli na tuifanyie kazi mpaka mwisho: Jumatatu, 15 Juni 2026.

Siku hiyo Amavasya, tithi ya giza la mwezi, inaisha kama saa 2:24 asubuhi kwa saa ya India. Huko jua limeshachomoza, kwa hiyo Jumatatu hiyo ni siku ya Amavasya, na kwa kuwa ni Jumatatu inaitwa Somvati Amavasya, siku yenye heshima yake ya kufunga na kuwaombea wazee waliotangulia. Sasa toa saa 2 na dakika 30: Amavasya inaisha saa 11:54 alfajiri yetu. Jua la Singida linachomoza saa 12:46. Linapochungulia, Amavasya imekwisha kwa dakika 52 na siku imeshaingia tithi ya kwanza ya mwezi unaokua.

Rudi nyuma Jumapili tarehe 14. Amavasya ilianza asubuhi hiyo, lakini baada ya macheo yetu. Maana yake, Singida tithi hii imeingia na kutoka katikati ya macheo mawili bila kukutana na hata moja. Wataalamu huiita *kshaya*, tithi iliyopotea. Somvati Amavasya iliyochapwa kwenye kalenda ya India haipo kwa jua la Singida, na mwenye ibada ya wazee ana sababu nzuri ya kumpigia maharaji na kumuuliza kuhusu Jumapili.

Tithi hupotea au hujirudia kwa sababu urefu wake si saa 24 kamili. Hucheza kati ya kama saa 19 na saa 26, kulingana na kasi ya mwezi.

> KISANDUKU CHA 2: PANCHANG YA GHATI NA PALA
>
> Panchang za zamani huandika ghati badala ya saa. Siku ina ghati 60. Ghati moja ni dakika 24, pala moja ni sekunde 24. Huhesabiwa tangu macheo ya mji ilikochapwa.
>
> Mfano: "ghati 6 pala 15" kwa Ahmedabad, 15 Juni 2026.
> Ghati 6 × dakika 24 = dakika 144.
> Pala 15 × sekunde 24 = dakika 6.
> Jumla dakika 150, yaani saa 2 na dakika 30.
> Macheo ya Ahmedabad saa 11:54, ongeza saa 2:30 = saa 2:24 asubuhi ya India.
> Toa saa 2:30 = saa 11:54 alfajiri ya Singida.
>
> Kosa kubwa ni kuzihesabu ghati hizo kuanzia macheo ya Singida. Ghati za Ahmedabad huanzia Ahmedabad.

Angalia pia namba zinazozidi 24. Panchang nyingi za India zikiandika 26:15 zinamaanisha saa 2:15 baada ya usiku wa manane kwa hesabu ya saa 24, yaani saa 8:15 usiku kwa Kiswahili, kwa kuwa siku yao bado haijaisha mpaka macheo.

HATUA YA 4: GAWA MCHANA MARA NANE

Rahu ni yule ambaye mapokeo yanasema hulimeza jua na mwezi wakati wa kupatwa. Kila siku ana sehemu yake moja ya mchana, inayoitwa Rahu Kaal, na wengi huepuka kuanzisha jambo jipya ndani yake: kufungua duka, kusaini mkataba, kuanza safari. Kazi iliyokwisha kuanza huendelea.

1. Hesabu urefu wa mchana: machweo kutoa macheo. Tarehe 15 Juni: kutoka saa 12:46 asubuhi hadi saa 12:37 jioni ni saa 11 na dakika 51, yaani dakika 711.
2. Gawa kwa 8: karibu dakika 89 kila sehemu.
3. Tafuta sehemu ya Rahu kwa siku ya juma:

| Siku | Sehemu ya Rahu |
|---|---|
| Jumapili | ya 8 |
| Jumatatu | ya 2 |
| Jumanne | ya 7 |
| Jumatano | ya 5 |
| Alhamisi | ya 6 |
| Ijumaa | ya 4 |
| Jumamosi | ya 3 |

4. Jumatatu ni sehemu ya 2. Ongeza dakika 89 juu ya macheo: inaanza saa 2:15. Ongeza 89 tena: inaisha saa 3:44 asubuhi.

Orodha zinazozunguka mitaani husema Rahu Kaal ya Jumatatu ni saa 1:30 hadi saa 3:00. Orodha hizo zinachukulia jua linachomoza saa 12 kamili na kuzama saa 12 kamili. Mwenye duka wa Singida akizifuata siku hiyo, atafungua saa 3:05 akidhani ameepuka, kumbe yumo katikati. Hata aliyepewa saa za Dar es Salaam, ambazo siku hiyo ni kama saa 2:00 hadi saa 3:28, atakosea kwa robo saa.

Choghadiya ndiyo wanayoitumia zaidi Wagujarati, na inatumia sehemu nane zile zile. Majina ni saba, na kila moja lina sayari yake: Udveg (Jua), Char (Zuhura), Labh (Utaridi), Amrit (Mwezi), Kaal (Zohali), Shubh (Mshtarii), Rog (Mirihi). Amrit, Shubh na Labh ni njema. Char inafaa safari. Udveg, Rog na Kaal huepukwa.

1. Anza na jina la siku: Jumapili Udveg, Jumatatu Amrit, Jumanne Rog, Jumatano Labh, Alhamisi Shubh, Ijumaa Char, Jumamosi Kaal.
2. Endelea kwa mpangilio ulioandikwa juu. Ukifika Rog, rudi Udveg.
3. Sehemu ya nane hurudia jina la kwanza.

Jumatatu yetu ya 15 Juni 2026 inakuwa hivi:

| Sehemu | Saa za Singida | Jina |
|---|---|---|
| 1 | 12:46 – 2:15 asubuhi | Amrit |
| 2 | 2:15 – 3:44 asubuhi | Kaal (ndani ya Rahu) |
| 3 | 3:44 – 5:13 asubuhi | Shubh |
| 4 | 5:13 – 6:42 mchana | Rog |
| 5 | 6:42 – 8:10 mchana | Udveg |
| 6 | 8:10 – 9:39 alasiri | Char |
| 7 | 9:39 – 11:08 alasiri | Labh |
| 8 | 11:08 – 12:37 jioni | Amrit |

Mwenye kufungua hesabu mpya ya biashara siku hiyo ana nafasi nzuri kati ya saa 3:44 na saa 5:13. Usiku una mpangilio wake tofauti na hugawanywa kuanzia machweo hadi macheo ya kesho. Usiendeleze huu wa mchana.

HATUA YA 5: SAA MBILI ZA KILA SIKU

Abhijit ni saa njema iliyo katikati kabisa ya mchana. Gawa mchana kwa 15. Abhijit ni sehemu ya 8. Tarehe 15 Juni kila sehemu ni dakika 47 na kitu, na Abhijit inaanza kama saa 6:18 hadi saa 7:05 mchana. Ukisikia katikati yake ni saa 6 kamili, huo ni mji mwingine. Jumatano wengi hawaitumii.

Brahma muhurta, saa ya sala na kusoma kabla ya mapambazuko, huanza dakika 96 kabla ya macheo na kuisha dakika 48 kabla yake. Siku hiyo ni saa 11:10 hadi saa 11:58 alfajiri.

> KISANDUKU CHA 3: JIPIME KWA KIJITI
>
> Surya Siddhanta, kitabu cha kale cha falaki ya Kihindi, kinatumia kijiti cha kivuli kupata mashariki na magharibi. Kijiti hicho hicho kitakuonyesha katikati ya mchana wa Singida bila simu wala kalenda. Waite watoto mfanye nao.
>
> 1. Simika kijiti kilichonyooka kwenye uwanja tambarare. Hakikisha kimesimama wima kwa timazi ya fundi au uzi wenye jiwe.
> 2. Chora duara, kijiti kikiwa kitovu. Asubuhi kivuli kiwe kirefu kuliko duara.
> 3. Kivuli kitafupika. Ncha yake ikigusa duara, weka kokoto na uandike saa.
> 4. Alasiri kivuli kitarefuka tena. Kikigusa duara upande wa pili, weka kokoto la pili na uandike saa.
> 5. Jumlisha saa hizo mbili, gawa kwa 2. Tuseme umepata saa 4:02 na saa 9:21: jumla ni 13:23, nusu yake ni 6:41 na nusu.
> 6. Linganisha na jedwali la Hatua ya 2. Macheo ya 15 Juni ni dakika 46 baada ya saa 12, iandike 0:46. Jumlisha na 12:37: ni 13:23 ile ile.
>
> Mstari unaounganisha kokoto mbili unaelekea mashariki na magharibi, na utakufaa pia kupanga pahali pa puja. Karibu na tarehe 8 Machi na 5 Oktoba jua hupita utosini na kivuli cha mchana hukaribia kutoweka. Hilo halizuii kipimo, kwa kuwa unatumia kivuli cha asubuhi na cha alasiri.

HATUA YA 6: KILA SIKUKUU INA SAA YAKE

Macheo huamua siku za kawaida, lakini sikukuu kadhaa hutazama saa nyingine. Ukiwa na tithi kwa saa za Singida, uliza ipo wakati gani:

- Ekadashi: macheo. Baadhi ya madhehebu ya Vaishnava huangalia hata dakika 96 kabla yake.
- Ram Navami na Ganesh Chaturthi: katikati ya mchana.
- Diwali, puja ya Lakshmi: Amavasya iwepo baada ya machweo.
- Janmashtami na Maha Shivaratri: usiku wa manane, ambao kwa jua la Singida ni kama saa 6:41 usiku kwa wastani.
- Sankashti Chaturthi na Karva Chauth: saa ya mwezi kuchomoza Singida.

Diwali ya 2024 inaonyesha faida ya kujihesabia. India watu walibishana: iwe tarehe 31 Oktoba au 1 Novemba? Amavasya iliisha tarehe 1 Novemba kama saa 12:16 jioni kwa saa yao, dakika chache baada ya jua la miji kama Ahmedabad kuzama, na ubishi ukazaliwa katika dakika hizo. Kwa saa yetu iliisha kama saa 9:46 alasiri, na jua la Singida siku hiyo lilizama kama saa 12:33. Tarehe 1 Novemba hapakuwa na Amavasya jioni. Tarehe 31 Oktoba ilikuwepo. Kwa kanuni hiyo Singida haikuwa na cha kubishania, lakini aliyefuata ujumbe wa simu kutoka India aliubeba ubishi usiokuwa wake.

Kupatwa nako hufuata mahali. Kwa mapokeo yaliyo mengi, masharti ya kupatwa humhusu anayeweza kukuona. Jua linapopatwa tarehe 12 Agosti 2026, kilele ni kama saa 2:45 usiku kwa saa zetu, jua la Singida likiwa limeshazama. Mama mjamzito wa Singida hana sababu ya kufungiwa ndani siku hiyo kwa tangazo la nchi nyingine.

MAKOSA YANAYORUDIWA

1. Kutoa saa 2:30 kwenye kila kitu. Ukitoa kwenye Rahu Kaal au macheo ya India, unapata saa isiyo ya India wala ya Singida.
2. Kufuata picha za WhatsApp. Ndugu wa Leicester hukutumia saa za Leicester, ambako katikati ya Juni jua limeshachomoza kabla ya saa 11 alfajiri. Picha isiyotaja mji haifai.
3. Kutumia dakika 90 kila sehemu. Mchana wa Singida huwa saa 12 kamili siku chache tu za mwaka.
4. Kubadilisha siku ya juma saa 6 usiku. Kwa panchang, Jumatatu inaendelea mpaka macheo ya Jumanne.
5. Kuchanganya saa za Kiswahili na za simu. Andika "asubuhi", "alasiri" au "usiku" kila mara, hasa unapomwandikia maharaji aliye nje ya nchi.
6. Kufanya hesabu yako iwe hukumu. Kwa arusi, jina la mtoto au matanga, peleka hesabu yako kwa maharaji. Atakachohitaji kwanza ni mahali na saa sahihi, na sasa utakuwa navyo.

UKIALIKWA AU UKIPEWA KAZI

Ukiwa mpishi, mpambaji, dereva au mgeni, saa ya muhurta, yaani saa njema iliyochaguliwa, haina "tutaanza watu wakifika". Bwana arusi akiambiwa saa 5:13, nafasi inaweza kufungwa dakika hiyo hiyo. Uliza mambo mawili mapema: nafasi inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi, na je, zimehesabiwa kwa Singida? Ukumbi ukiwa Dodoma au Dar es Salaam, uliza tena.

KABLA HUJAPANGA JAMBO, KAGUA

☐ Mji uliowekwa ni Singida, UTC+3.
☐ Macheo na machweo ya tarehe hiyo yameandikwa.
☐ Tithi na nakshatra zimetolewa saa 2:30 kutoka saa ya India.
☐ Tithi imelinganishwa na macheo ya Singida, au na saa inayotakiwa na sikukuu.
☐ Mchana umegawanywa kwa 8 kwa urefu wa siku hiyo hasa.
☐ Sehemu ya Rahu ya siku hiyo imewekewa alama.
☐ Kila saa ina neno la wakati mbele yake.
☐ Kwa jambo kubwa, maharaji amepewa hesabu na mahali.

Kisha chukua penseli uiendee ile kalenda ya ukutani. Usiitoe, picha yake ni ya ibada na tithi zake ni za kweli. Chini ya kila saa iliyochapwa ya siku unayoihitaji, andika saa ya Singida. Baada ya mwezi mmoja wa kuandika utaanza kuzikadiria bila jedwali, na watoto wanaokuona ukiandika watajua kwamba siku takatifu inaanza na jua linalochomoza juu ya mawe ya mji wao.